Nailoni Kwenye Viti Vipya

Annah alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa katika duka lolote la Kigali: hakuweza kumwambia mtu neno chungu uso kwa uso. Neno tamu, hilo alikuwa nalo mdomoni saa zote. Ukivaa gauni linalokubana mpaka unahema, atakwambia limekukaa. Ukimpikia wali ukaungua, atakula na kuomba aongezewe. Watu walimpenda kwa hilo, na wala sishangai, maana nani hapendi kusifiwa? Lakini jamani, kuna siku mtu anahitaji kuambiwa ukweli kuliko anavyohitaji maji ya kunywa, na siku hiyo ukimpelekea sifa unakuwa umemwonea.

Kazi yake ilikuwa fundi wa sauti katika ukumbi mpya wa muziki, ukumbi wa viti mia saba na roshani juu, uliokuwa ukingoja kufunguliwa mwezi wa kumi na moja. Aliishi Masaka, pembezoni mwa Kigali, na baba yake, mzee Kagabo, wawili tu, katika nyumba yenye kishamba cha maharage nyuma. Nje, kwa majirani, walisema Kinyarwanda. Ndani walisema Kiswahili, maana ndicho walichorudi nacho kutoka Karagwe, Tanzania, na marehemu mama yake Annah hakutaka kabisa kukiacha.

Huko Karagwe mzee Kagabo alikuwa besi wa kwaya. Nasema besi, si mchezo. Akifungua kinywa, watu walikuwa wanatazama benchi kama linatikisika. Lakini tangu mkewe afariki, miaka miwili sasa, ile sauti ilianza kumtoroka kidogo kidogo. Mwanzo alisema ni mafua. Baadaye akasema ni vumbi. Mwisho akaacha kusema, akawa anakaa mstari wa nyuma wa kwaya ya Masaka akifungua mdomo na kuufumba, na mwalimu wa kwaya, Winifred, mama wa watu mwenye adabu zake, alijifanya haoni.

Kwaya ile ndiyo ilialikwa kuimba siku ya ufunguzi pamoja na kwaya nyingine tatu. Winifred akapendekeza mzee aimbe peke yake wimbo mmoja, ule aliomtungia mkewe walipokuwa vijana, wa mwanamke anayeondoka na mume anayebaki, beti nne, bila hata kinanda. Ungemwona mzee siku ile. Usiku mzima alipiga hatua sebuleni. Asubuhi akamwambia Annah kwamba atakwenda kwenye mazoezi na kuujaribu humo ukumbini, kwa sauti yake mwenyewe, bila kipaza sauti, kwa sababu kipaza sauti ni cha wagombea ubunge na wauza dawa za kunguni. Sauti ikitosha, ataimba. Isipotosha, atamwachia kijana yeyote wa kwaya, naye atakaa kwenye kiti asikilize, na hatakuwa na kinyongo. Alilisema hilo kwa utulivu, na Annah alijua kwamba analimaanisha.

Sasa hapo ndipo viti vinapoingia.

Kabla ya hapo kidogo alikuja mtaalamu mmoja mgeni kupima ukumbi, na Annah alimfuata nyuma siku tatu akimbebea vyombo. Mgeni alimweleza jambo ambalo wengi wetu hatulijui: ukumbi wa muziki unasikika kwa viti vyake, na kwa watu wanaokaa juu ya viti hivyo, kuliko kwa kuta zake. Mtu ni laini. Ana nyama, ana nguo, ana nywele, na sauti ikimfikia anainywa. Ndiyo maana ukumbi mtupu unapiga kelele na ukumbi uliojaa unanyamaza. Ili kuondoa tofauti hiyo, viti vile vilichaguliwa kwa makusudi: sponji nene, kitambaa kizito kinachopitisha hewa, na chini ya kikalio matundu madogo mengi, ili kiti kikijikunja bila mtu kiendelee kunywa sauti karibu sawa na mtu aliyekaa. Mwimbaji akijaribu sauti mchana ukumbi ukiwa mtupu, asikie kile kile atakachosikia watu wakijaa. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya viti vile, na fedha nyingi zilikwenda huko.

Haya. Viti vilifika vimevishwa nailoni, kila kimoja, juu mpaka chini. Na meneja wa ukumbi, bwana Sangwa, hakukubali itolewe.

Msimcheke Sangwa peke yake. Sisi sote ndivyo tulivyo. Nani hajaingia sebule ya mtu akakalia makochi yenye nailoni mwaka wa tatu, mapaja yananata kwa jasho, na mwenye nyumba anaona fahari? Nani hajapanda gari jipya lenye nailoni mpaka kwenye kizuia jua? Kitu kipya kinatunzwa mpaka mgeni mwenye heshima zake akikalie kwanza. Sangwa aliona vumbi jekundu la mafundi waliokuwa wakimalizia ngazi, akaona viatu vya wanakwaya, akaamua. Annah alipomwendea mara ya kwanza, Sangwa alimjibu kwa Kiswahili chake cha kukulia Kampala: "Nailoni iko palepale mpaka wageni wakae. Wewe unataka kiti ikuje na alama ya kiatu?"

Nailoni hainywi kitu. Sauti ikiigonga inarudishwa ilikotoka, na viti mia saba vya nailoni vilikuwa kama sakafu ya pili ya marumaru. Annah alipopima, sauti ilielea hewani karibu sekunde tatu kabla ya kufa. Kwenye hesabu za yule mgeni, watu wakijaa haitafika hata sekunde mbili. Aliziandika namba zote mbili kwenye daftari lake, akalifunga.

Siku ya mazoezi mzee Kagabo alipanda jukwaani na koti lake la kanisani. Wanakwaya walikuwa wamekaa ngazini wakila maandazi, kila mtu akishughulika na yake. Annah alikuwa kule nyuma kabisa kwenye mitambo. Mzee akakohoa, akaweka mkono tumboni, akaimba mstari wa kwanza.

Na ukumbi ukamwitikia. Ile sauti nyembamba ya mzee wa miaka sabini na moja ilikwenda, ikazunguka kuta, ikapita chini ya roshani, ikarudi nene. Maneno yalikuwa yanapandana kidogo, hilo Annah alilisikia vizuri, lakini nani angejali? Wanakwaya waliacha maandazi. Winifred alishika mdomo. Mzee mwenyewe alinyamaza katikati ya ubeti, akainua uso, akasikiliza sauti yake ikimalizika juu ya kichwa chake. Kisha akatabasamu. Annah hakuwa ameliona tabasamu lile tangu siku ya mazishi.

"Annah," aliita kutoka jukwaani, "umesikia?"

Hapo sasa. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa jepesi: baba, hiyo ni nailoni, shuka nikueleze. Alikuwa na daftari, alikuwa na namba, alikuwa na siku kumi mbele yake.

"Nimesikia, baba," akasema. "Sauti imerudi."

Mzee akamwambia Winifred aondoe kipaza sauti jukwaani siku ile ya wimbo wake, hakihitajiki. Winifred akamtazama Annah kule nyuma, kwa kuwa yeye ndiye fundi, na Annah akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo alivyomvika baba yake mzazi kilemba cha ukoka, mbele ya watu arobaini.

Siku zilizofuata nyumba ya Masaka ilibadilika. Mzee alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anakunywa maji ya tangawizi, anapasha sauti akimwagilia maharage. Alikwenda sokoni Kimironko kushonesha suruali mpya. Aliwaalika majirani, akamwalika mchungaji, akampigia simu mdogo wake aliyebaki Karagwe akamwambia sauti imerudi yote, na kwamba binti yake fundi ndiye shahidi. Annah alikuwa anasikia haya kutoka jikoni, na kila akisikia anajiambia kesho. Kesho nitamwambia. Ikifika kesho anakuta mzee anapiga pasi suruali huku anaimba, moyo unamnywea.

Alijaribu njia ya pembeni, kama walivyo watu wa namna yake. Alimrudia Sangwa, akambembeleza nailoni itolewe walau siku moja kabla, wanakwaya wafanye zoezi moja la mwisho mbele ya viti vilivyo wazi. Wazo lake lilikuwa kwamba ukumbi wenyewe utamwambia mzee, yeye asilazimike kufungua mdomo. Sangwa alikataa katakata. Akasema waheshimiwa wanakuja, na nailoni itatolewa Jumapili ile ile asubuhi. Angeweza kumweleza Sangwa sababu hasa. Angeweza kumtaja baba yake. Hakutaja, akashukuru na kuondoka, na njiani akajikuta anamlaumu Sangwa kwa yote.

Jumapili saa moja asubuhi wafanyakazi walianza kuchana nailoni. Ilichukua saa mbili na ilijaa magunia kumi na tisa. Viti vikabaki wazi, vyekundu, vizuri kwa kweli. Annah akasimama katikati ya jukwaa akapiga kofi moja. Kofi likafa pale pale mbele yake. Akapiga jingine kwa nguvu zaidi, nalo likafa. Yule mgeni alikuwa amepiga hesabu sawasawa, na watu walikuwa bado hawajaingia.

Saa tatu simu ikaita. Ni mzee. Alikuwa amekwisha kuvaa, alisema, na kwa kuwa onyesho ni saa tisa mchana aliona apande moto, pikipiki ya abiria, aje mapema, aujaribu wimbo mara moja tu kabla watu hawajafika. Mara moja tu, halafu atakaa kimya mpaka wakati wake.

Mungu alikuwa amempa nafasi ya tatu, na kwa kweli hii ilikuwa ya bure kabisa. Hakutakiwa kusema lolote. Alitakiwa kusema njoo. Mzee angekuja, angeimba mstari mmoja mbele ya viti vile vyekundu, angesikia mwenyewe, na angemwachia kijana, maana ndivyo alivyoahidi. Lakini Annah alimwona mzee amesimama pale jukwaani peke yake, uso umemwanguka, na yeye Annah amesimama karibu bila la kumwambia. Akashindwa.

"Pumzika tu nyumbani, baba," alisema. "Usiichoshe sauti. Kila kitu kinaendelea vizuri."

Alipokata simu aliyasikia maneno yake mwenyewe, akakumbuka alipoyasema mara ya mwisho. Ilikuwa hospitalini, kwenye korido, siku ambayo daktari alikuwa amemwita pembeni akamwambia hakuna zaidi cha kufanya. Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi, amechoka, kofia mkononi. Annah akamwambia arudi Masaka akapumzike, mama anaendelea vizuri. Mzee akaenda. Kesho yake saa nne asubuhi alikuja na uji kwenye chupa ya chai, akakuta kitanda kimetandikwa. Hakuwahi kumuuliza Annah kitu juu ya siku ile, wala Annah hakuwahi kuanza.

Saa tisa ukumbi ulijaa pomoni. Ulikuwa msimu wa mvua na watu walikuja wamejifunika: makoti, masweta, wanawake na mishanana, yale mavazi yao ya heshima ya kufunga begani, watoto wamepakatwa. Sangwa, kwa furaha, akaongeza viti vya kukunja kwenye njia za pembeni. Kila mwili mmoja uliongeza kunywa, na sauti ilipaswa kupita juu ya vichwa vile vyote, safu baada ya safu, kila safu ikichukua fungu lake, na sauti nene ndizo zilizochukuliwa kwanza. Kwaya za vijana hazikujali. Walikuwa na vipaza sauti, walikuwa na spika, Annah aliwapandisha na ukumbi ukacheza.

Kisha mhudumu akaondoa vipaza sauti, na mzee Kagabo akapanda.

Alikuwa amependeza, hilo lisemwe. Suruali mpya, koti limepigwa pasi. Aliinama kidogo, akaweka mkono tumboni, akaanza. Annah, kule nyuma, alisubiri sauti. Aliona mdomo wa baba yake unafunguka. Aliona kifua kinapanda. Kilichomfikia kilikuwa kama mtu anayezungumza nyumba ya jirani. Safu za mbele zilikuwa zimetulia, lakini kuanzia katikati watu walianza kutazamana, na chini ya roshani mwanamume mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya kawaida kama kumeanza. Mtoto akacheka. Mtu akafungua pipi.

Mzee naye alijua. Alikuwa ameutuma mstari wa kwanza akangoja urudi kama siku ile, na haukurudi. Annah aliona mabega yake yakipanda, akijaribu kusukuma. Ubeti wa pili akasukuma zaidi na sauti ikapasuka.

Juu ya jukwaa kulikuwa na kipaza sauti kimoja kinachoning'inia, cha kurekodia. Annah akakiunganisha na spika, akakipandisha taratibu. Akakipandisha tena. Spika zikapiga mluzi mkali, watu wakaziba masikio, naye akakishusha haraka. Mzee alinyamaza. Akainua uso akatazama kile chuma juu yake, kisha akatazama moja kwa moja kule nyuma kwenye mitambo, juu ya vichwa vya watu mia saba. Watu wa nyuma, walipoona amenyamaza, wakadhani amemaliza. Wakampigia makofi. Walipiga kwa moyo mwema, kama watu wanavyompigia mzee, na wengine wakasimama. Beti mbili zilikuwa zimebaki. Mzee akangoja kidogo, akainama, akashuka.

Annah alimkuta nyuma ya jukwaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa, koti mapajani. Kwaya ilikuwa imeingia na wimbo wa furaha na sauti yake ilipenya mlangoni.

"Ulijua?" mzee aliuliza.

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mazoezi. Ilikuwa nailoni ya viti."

Mzee akatikisa kichwa polepole, akaanza kukunja koti. Afadhali angemtukana. Akaomba aitiwe moto, akaondoka kabla onyesho halijaisha.

Jioni ile Annah alikuwa akikusanya nyaya, watu wamekwisha kumwagika nje, alipoona bibi mmoja bado amekaa safu ya mbele kabisa, kiti cha katikati. Alikuwa anamngoja yeye. Alijitambulisha kwa jina la Nyiransabimana, muuza viazi wa Kabuga, aliyeletwa na mjukuu wake mwanakwaya. Aliuliza yule mzee aliyeimba bila mashine ni nani na amekwenda wapi. Annah akasema ni baba yake. Basi bibi akamshika mikono yote miwili. Alisema alisikia kila neno. Pale alipokaa hapakuwa na vichwa mbele yake, ilikuwa kama anaimbiwa yeye. Alisema mume wake naye aliondoka hivyo hivyo, na tangu amzike hakuwahi kumsikia mtu akisema jambo lile kama lilivyo. Akaurudia mstari mmoja, ule wa mwanamke anayeacha taa inawaka na mumewe anayeogopa kuizima, akaurudia bila kukosea, machozi yanamtoka wala hayafuti. Akamtuma Annah amwambie mzee kwamba bibi mmoja wa Kabuga amerudi kwake akiwa mwepesi. Kisha mjukuu akaja kumwita, basi linaondoka.

Annah hakukumbuka hata kufunga mitambo. Alipanda moto mpaka Masaka na njia nzima alikuwa akiyarudia maneno ya bibi yasimpotee hata moja. Kwa mara ya kwanza alikuwa na neno tamu ambalo ni kweli tupu.

Mzee alikuwa amekaa sebuleni na nguo za nyumbani, redio imezimwa. Annah akapiga magoti mbele yake akamweleza yote: kiti cha safu ya mbele, viazi vya Kabuga, mume aliyezikwa, machozi. Akamrudishia ule mstari wa taa kama bibi alivyousema.

"Mstari huo unaujua wewe tangu mtoto," mzee akasema.

Annah akaapa. Akataja jina la Mungu, akataja jina la mama yake. Akasema watakwenda Kabuga kesho asubuhi wamtafute huyo bibi sokoni, amsikie kwa masikio yake. Alikuwa analia sasa, na kadiri alivyolia ndivyo maneno yalivyozidi kumtoka.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa subira, kichwa kimeinama. Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akampapasa taratibu.

"Basi, mwanangu, basi," akamwambia. "Wewe siku zote una maneno mazuri."